Titi la Mama Katika Mizani: Vifaa vya Kupima Unyonyeshaji na Wajibu wa Mwanakiswahili

Wanakiswahili tunalipenda titi la mama, hasa likiwa sitiari. Ni nadra mwanafunzi wa Kiswahili kuhitimu bila kukutana na ile methali mashuhuri inayolisifu, methali ambayo Shaaban Robert aliitumia kuitukuza lugha yake na ambayo tangu hapo imekuwa ngao ya kila mtetezi wa lugha za Kiafrika. Tumeitungia insha na kuitundika kwenye mabango ya makongamano, na tumewakemea kwayo wale wanaoona haya kusema lugha za kwao. Hata hivyo, tumeizoea sitiari kiasi cha kukisahau kitu chenyewe. Titi lenyewe, lile linalojaa na kuuma usiku wa tatu baada ya mama kujifungua, tumewaachia wauguzi na wakunga.

Makala haya yananuia kulirejea titi hilo. Wako watu wengine ambao tayari wamelirejea, nao si washairi. Ni wahandisi. Mnamo 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Biomedical Engineering maelezo ya kifaa kidogo cha kuvaliwa kifuani ambacho humwonyesha mama, kupitia simu yake ya mkononi, kiasi cha maziwa yanayotoka katika titi lake wakati mtoto ananyonya. Rai yangu ni kwamba jambo hili linatuhusu sisi wanakiswahili, na kwamba tukingoja kifaa hicho kifike madukani ndipo tukiundie msamiati, tutakuwa tumechelewa. Tena hatutakuwa tumechelewa kwa neno moja tu. Tutakuwa tumechelewa kwa mtoto.

Swali la kale, jibu jipya

Naomba nianze na kisa cha nyumbani, kwa kuwa ndicho kilichonisukuma kuishika kalamu. Dada yangu alipojifungua kifungua mimba wake, alikaa nyumbani akihudumiwa na mama mkwe wake, mwanamke mwenye huruma na aliyelea watoto wengi. Wiki ya pili mtoto alianza kulia sana nyakati za jioni. Mama mkwe alimpakata, akamtazama, kisha akatoa hukumu: "Mwanangu, mtoto huyu hashibi. Maziwa yako ni mepesi."

"Mama, ananyonya kila saa," dada alijitetea.

"Ndiyo maana nasema. Angekuwa anashiba angenyonya kila saa?"

Dada hakuwa na jibu. Kesho yake kopo la maziwa ya unga lilikuwa mezani. Mtoto alilala baada ya chupa ile ya kwanza, na usingizi huo ukawa ushahidi. Kwa kuwa alinyonya mara chache zaidi, matiti nayo yalitengeneza maziwa machache zaidi, maana mwili wa mama hutengeneza kwa kadiri ya yanayotolewa. Haukupita mwezi wa pili kabla kauli ya mama mkwe haijatimia: maziwa yalikuwa hayatoshi kweli. Hadi leo dada huamini kwamba mwili wake ulimsaliti. Mimi huamini kwamba kilichomsaliti ni sentensi.

Kisa hiki si cha dada yangu pekee. Wataalamu wa unyonyeshaji katika nchi nyingi hukubaliana kwamba hofu ya maziwa kutotosha ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafanya akina mama kuacha kunyonyesha mapema au kuchanganya na vyakula vingine. Neno muhimu hapo ni hofu. Mama anayetumia chupa huona mistari ya mililita ikishuka. Mama anayenyonyesha haoni chochote, hutegemea dalili. Wauguzi hutufunza dalili zenyewe: mtoto aliyepita siku chache za mwanzo akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, akimeza kwa sauti inayosikika, na uzito wake ukipanda kwenye mchoro wa ukuaji ulio ndani ya kijitabu cha kliniki, basi anapata maziwa. Lakini dalili hizo zinahitaji subira, na saa tisa za usiku subira huwa bidhaa adimu.

Pengo hili la kutoonekana ndilo wahandisi wanalotaka kuliziba. Si wa kwanza kujaribu. Hospitalini kuna mbinu ya siku nyingi ya kumweka mtoto kwenye mizani kabla ya kunyonya na kumrudisha baada ya kunyonya, akiwa na nguo zile zile, kisha kutafuta tofauti. Watafiti wa lishe nao huwapa akina mama maji yenye hidrojeni nzito wanywe, halafu hupima mate ya mama na ya mtoto kwa muda wa takribani wiki mbili ili kujua ni kiasi gani cha maji hayo kilichovuka kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Nchini Ireland, kampuni ya Coroflo imeunda ngao ya chuchu yenye kihisi kidogo cha kupima mtiririko wa maziwa. Kifaa cha Northwestern kimepita njia tofauti. Elektrodi zake hubandikwa kwenye ngozi pembezoni mwa titi, zikapitisha mkondo hafifu wa umeme usiodhuru. Kadiri maziwa yanavyotoka, ndivyo ukinzani wa titi dhidi ya mkondo huo unavyobadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa kipimo. Kwa kuwa matiti hayafanani, ni sharti kwanza kifaa kioanishwe na mwili wa kila mama, akikamua kwa pampu kiasi kinachojulikana. Mmoja wa viongozi wa utafiti huo ni John Rogers, mtaalamu mashuhuri wa vifaa vya elektroniki vinavyovaliwa mwilini, akishirikiana na madaktari wa watoto wa Chicago.

Sina nia ya kuibeza kazi hii. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliye katika chumba cha watoto wachanga hospitalini, hawezi kusubiri dalili za wiki nzima. Kwake tofauti ya mililita chache ni jambo zito, na kumwinua kila mara kumpeleka kwenye mizani ni usumbufu kwake na kwa muuguzi mwenye vitanda vingi vya kuhudumia. Kwa mtoto huyo ningependa kifaa hiki kifike Kenya hata kesho. Hofu yangu ni juu ya mahali kitakapoelekea kikishatoka hospitalini.

Mililita si kushiba

Msomaji mpendwa, zingatia maneno mawili aliyoyatumia mama mkwe: kunyonya na kushiba. Hakuuliza mtoto amekunywa kiasi gani. Aliuliza kama ameshiba. Katika Kiswahili kushiba ni hali ya anayekula, wala si kipimo cha kilicholiwa. Watu wawili hula sinia moja, mmoja akashiba na mwingine akabaki na njaa, na hatuoni kinaya. Kifaa hujibu swali la kiasi. Mama huuliza swali la hali. Anayechukua jibu la kwanza kuwa ndilo la pili anatafsiri vibaya, na kosa lake ni kosa la lugha kabla halijawa kosa la uuguzi.

Sayansi yenyewe inaunga mkono hekima iliyomo katika kitenzi hicho. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2006 uliwachunguza watoto 71 wa umri wa mwezi mmoja hadi sita, waliokuwa wakinyonya pekee na kukua vyema. Wastani wa maziwa kwa siku ulikuwa takribani gramu 788. Ukiishia kwenye wastani huo, utamtia wasiwasi kila mama aliye chini yake. Lakini kiasi chenyewe kilitofautiana kuanzia gramu 478 hadi gramu 1,356 kwa siku. Yaani, mtoto mmoja aliweza kunyonya karibu mara tatu ya mwenzake, na wote wawili wakawa wazima! Idadi ya kunyonya nayo ilianzia mara 6 hadi mara 18 kwa siku. Mama wa mtoto wa gramu 478 angepewa simu inayolinganisha maziwa yake na wastani, angeambiwa nini? Angeambiwa kwamba amepungukiwa, ilhali mtoto wake hakupungukiwa na chochote.

Isitoshe, jamii zetu hazikuwa zikinyonyesha kiholela pasipo hesabu. Katika upwa wa Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea miongoni mwa Waislamu, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mamake mara tano za kutosheka kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwana wa mwanamke huyo kwa ziwa, na hawezi kuoana na watoto wake. Hiyo ni hesabu, tena hesabu yenye uzito wa kisheria. Lakini tazama kinachohesabiwa: si ujazo wa maziwa bali matendo ya kunyonyesha, na kinachotokana na hesabu hiyo ni udugu. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilipofunguliwa benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya, maswali ya nani atakuwa ndugu ya nani yalikuwa na msamiati wake tayari. Kiswahili kina undugu wa kunyonya. Kina dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Kina kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa. Lugha hii si mgeni katika nyanja hii. Wageni ni sisi wasomi wake.

Jina na kauli

Tuingie sasa katika uwanja wetu. Kifaa kikifika kitahitaji jina, na jina la kifaa huanza kufundisha kabla ya maelezo yake kusomwa. Nimewasikiliza wenzangu wakipendekeza majina kadhaa, na nitayapima moja baada ya jingine.

La kwanza ni "kipimo cha unyonyaji". Kimofolojia halina kosa: kutokana na kitenzi nyonya tunapata mnyonyaji na unyonyaji. Lakini nani miongoni mwetu anayeweza kulisikia neno unyonyaji bila kukumbuka siasa? Tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo limebeba maana ya mtu kuishi kwa jasho la mwingine. Ukimwambia mama kwamba unampimia unyonyaji, umemgeuza mwanawe kuwa kupe.

La pili ni "kipimamaziwa". Jina hili linavutia kwa wepesi wake, tena lina ndugu wanaojulikana kama vile kipimajoto. Hatari yake imejificha. Katika nchi ya wafugaji kama Kenya, kipimo cha maziwa kinafahamika: ni kile ambacho karani wa chama cha ushirika hukitumbukiza katika mtungi wa mkulima ili kubaini kama maziwa yametiwa maji. Mama akiambiwa avae kipimamaziwa atadhani kinachochunguzwa ni uzito wa maziwa yake. Tutakuwa tumemrudishia ile hukumu ya "maziwa yako ni mepesi", safari hii ikiwa na betri.

La tatu, ambalo ninalipendelea, ni "kipimanyonyesho". Nyonyesho ni tendo moja la kunyonyesha, kuanzia mtoto anaposhika titi hadi anapoliachia. Jina hili linaweka mpaka: kinachopimwa ni tukio. Mama hapimwi, maziwa yake hayapimwi ubora, wala mtoto hapimwi ulafi. Aidha, kiambishi cha usababishi katika nyonyesha kinatukumbusha kwamba kuna watu wawili katika tendo hili, mmoja anayenyonya na mwingine anayemwezesha kunyonya. Kifaa cha Northwestern hupima yanayotoka kwa mama. Mizani ya hospitali hupima yaliyoingia kwa mtoto. Mtoto akicheua au maziwa yakichuruzika shavuni, vipimo hivyo viwili havitalingana, na lugha inayotenganisha kunyonya na kunyonyesha ina uwezo wa kulieleza hilo kwa neno moja. Sing'ang'anii jina hili. Mwenye bora zaidi na alilete.

Hata hivyo, jina ni mlango tu. Ndani ya nyumba kuna kauli. Simu itamwambia mama nini baada ya kila nyonyesho? Chukulia kauli mbili zifuatazo:

Maziwa hayatoshi.

Mtoto amenyonya kidogo mara hii.

Kwa mtafsiri wa haraka, au kwa programu ya tarakilishi inayotafsiri bila kuwaza, kauli hizi ni sawa. Kwa mwanaisimu si sawa hata kidogo. Katika ya kwanza kiima ni maziwa. Upungufu umewekwa ndani ya mwili wa mama, nayo hali ya ukanushi haina mwanzo wala mwisho. Hayatoshi leo, hayakutosha jana, huenda hayatatosha kesho. Katika ya pili kiima ni mtoto, kitenzi ni yakinishi, wakati umetajwa, na maneno "mara hii" yamefunga maana ndani ya tukio moja. Kauli ya kwanza humpeleka mama dukani. Ya pili humfanya angoje mtoto aamke amnyonyeshe tena. Sarufi tunayoifundisha kwa mifano ya Juma na Ali kwenda sokoni inaweza, mahali hapa, kuamua kama titi litaendelea kutoa maziwa au litakauka.

Mimi ningependekeza kauli ndefu zaidi: "Katika nyonyesho hili, kadirio ni mililita 60. Watoto wazima hutofautiana sana. Kama mtoto anakojoa vizuri na uzito wake unapanda, endelea kama ulivyo. Kama sivyo, mwone muuguzi." Neno kadirio lina kazi: linakiri kwamba mashine nayo hukisia. Atakayesema kwamba maneno hayo ni mengi kwa kioo cha simu, nitamuuliza mbona matangazo ya mikopo huenea humo humo.

Nani anamnyonya nani?

Nililikataa neno unyonyaji kama jina la kifaa. Ninalirudisha sasa kama swali. Historia ya kulisha watoto wachanga inatufunza kwamba palipo na hofu ya mama pana soko. Mwaka 1977 wanaharakati nchini Marekani walianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, wakipinga jinsi maziwa ya unga yalivyokuwa yakinadiwa katika nchi maskini. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti unadi wa vibadala vya maziwa ya mama, zikiwemo chupa na chuchu za bandia, na kutaka maonyo kwenye makopo yaandikwe kwa lugha inayofaa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Lakini kipimanyonyesho si maziwa ya kopo wala si chupa. Kinaweza kunadiwa kwa hofu ile ile, kwa maneno yale yale, kikiwa nje ya uzio ambao kanuni hizo zilijengewa.

Fauka ya hayo, kifaa kinachotuma habari kwenye simu hakimwambii mama peke yake. Habari za mwili wake zinaweza kwenda mbali kuliko anavyodhani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya mhusika iwe ya hiari na yenye ufahamu. Ninauliza: kuna ufahamu gani pale ambapo mama anabonyeza "kubali" chini ya kurasa kumi za Kiingereza cha mawakili? Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo usipomfikia mama aliye kitandani na simu mkononi, basi umebaki kwenye karatasi. Mtoto atanyonya kwa mama, na mwingine, asiyeonekana, atanyonya kwa wote wawili.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Kwanza, litasemwa kwamba mama wa Kenya ana shida kubwa kuliko kifaa cha Chicago, na kwamba mwenye njaa hazungumziwi vihisi. Nakubali sehemu. Takwimu zetu zenyewe zinatoa fundisho. Kulingana na uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, wakawa asilimia 32 mwaka 2008-09, na kufika asilimia 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 60. Katika kipindi kile cha kupanda hapakuwa na kipimanyonyesho. Palikuwa na wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, vikundi vya akina mama na matangazo ya redio. Yaani palikuwa na watu waliosema na wenzao kwa lugha wanayoielewa. Hilo halidhoofishi hoja yangu, bali linaitia nguvu. Ikiwa maneno yalitufikisha hapo, na ikiwa tumekwama hapo, basi wenye taaluma ya maneno wana deni. Tena vifaa havitangoji tumalize shida zetu. Simu za mkononi hazikungoja.

Pili, litasemwa kwamba hii si kazi ya fasihi. Wenzangu wa uzamili wameniuliza, nusu kwa mzaha, kama nimehamia idara ya uuguzi. Jibu langu ni fupi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye wasia wake mnamo 1858, alionyesha kwamba maneno ya mama kwa binti kuhusu maisha ya nyumbani yanastahili utenzi. Wasia ni utanzu wenye heshima katika fasihi yetu. Mama mkwe wa dada yangu naye alikuwa akitoa wasia, ijapokuwa ulikuwa na kosa. Simu itakapoanza kusema na mama kila baada ya saa mbili, itakuwa inatoa wasia pia. Mhakiki anayejua kuuchambua wasia wa karne ya 19 na kushindwa kuuchambua wa leo atakuwa amejifunza matini bila kujifunza kusoma.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mama mwenyewe anaweza kuniambia: "Wewe wasema hivyo kwa kuwa hukuwa wewe uliyekesha." Kwa hilo sina ubishi. Usiku ule dada alipokuwa akilia pamoja na mwanawe, lau mtu angeniuzia kifaa cha kumwonyesha kwamba maziwa yapo, ningekinunua kwa mkopo. Labda kingemwokoa. Labda jioni moja kingesoma mililita chache, kama inavyotokea kwa kila mama, na kopo likafika mezani mapema zaidi. Tofauti kati ya labda hizo mbili haiko katika elektrodi. Iko katika kauli itakayotokea kwenye kioo, na katika mtu atakayekuwa amekaa kando ya kitanda kuifafanua.

Hitimisho

Nina mapendekezo matatu, na nimeyapunguza makusudi ili yatendeke. Mosi, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu viketi na wanafunzi wenzetu wa uuguzi na lishe, wakusanye msamiati wa unyonyeshaji kutoka kwa wanaoutumia: wakunga, wauguzi, bibi zetu. Dang'a na kulikiza visifie kamusini. Pili, wanaotafuta mada za tasnifu wazichunguze kauli zinazotolewa kliniki na katika programu za simu za afya ambazo tayari zinatumiwa, waonyeshe ni zipi zinazojenga na ni zipi zinazobomoa. Tatu, kifaa chochote cha aina hii kitakapoletwa nchini, kianzie katika wodi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mikononi mwa wauguzi, na maelezo yake ya Kiswahili yapitiwe na wanaokijua Kiswahili na pia na mama aliyenyonyesha. Duka lije baadaye, kama litakuja.

Mtoto wa dada yangu sasa anasoma shule, ana nguvu na makelele tele. Maziwa ya kopo hayakumdhuru kwa namna ninayoweza kuionyesha, na sitaki kuzidisha chumvi. Aliyebaki na jeraha ni mamake. Alipopata mtoto wa pili, siku ya tatu tu aliniuliza, mimi nisiyejua chochote: "Ndugu yangu, unadhani anashiba?" Nikamwambia tumwulize sista kliniki. Sista alimtazama mtoto, akatazama nepi, akauweka uzito wake kwenye mchoro, kisha akasema: "Mama, huyu anapata. Mwongeze tu akitaka."

Sentensi mbili. Dada alimnyonyesha mtoto huyo mwaka mzima na miezi minane.